Jicho la Kulia la Baba

Same, 12 Machi 2023

Mdogo wangu Loth,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Faraja na mtoto. Huku tupo. Masika hayajaanza, wingu linakaa juu ya mlima asubuhi, kufikia saa nne limeshaondoka. Shangazi Agatha goti linamsumbua, lakini anakwenda shamba mwenyewe na hataki kusindikizwa. Amenituma nikuambie ukija usimletee korosho tena, meno ya kuzitafunia hayapo.

Nakuandikia kwa sababu Krismasi tulikubaliana kwamba mambo ya baba tuyaweke kwenye karatasi. Kwenye simu mimi napandisha sauti na wewe unakata.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne nilimpeleka baba Moshi kwenye kliniki ya macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwisha. Alificha muda mrefu kuliko tulivyodhani. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Amepewa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Tukirudi, basi lilipopita mji wa Mwanga, akasema, "Elinaza, picha zangu zimelala kwenye maboksi. Nataka nizione ziko mbele za watu kabla hili nalo halijafunga."

"Mbele za watu wapi, baba?"

"Hukohuko mnakoangalia kutwa nzima mkiwa mmeinamisha shingo."

Nimeshaanza. Katika miaka thelathini na tatu ya studio yake pale karibu na soko, filamu zinazofaa zimebaki 312. Nyingine zimeliwa na unyevu. Naziskani ofisini kwetu baada ya kazi, ishirini kwa siku, na kila moja naipa namba, mwaka na jina la aliyepigwa. Majina karibu yote baba anayakumbuka.

Sasa inahitajika tovuti. Najua ni kazi yako, ndiyo maana nakushauri kwanza. Zaituni, yule mwenye duka la huduma za kompyuta jirani na ofisi yetu, aliwafungulia wakulima wa mpunga wa Kihurio tovuti yao kwa siku mbili. Anatumia programu ambayo unachagua ukurasa uliokwisha kupangwa, unaiburuta picha, unaiachia, imekaa. Hakuandika mstari hata mmoja wa lugha ya kompyuta. Nilisimama nyuma yake nikaona. Naomba tufanye hivyo. Wewe usimamie, mimi niburute. Mwishoni mwa Aprili baba atakuwa ameona.

Dada yako,
Elinaza


Mtwara, 1 Aprili 2023

Dada Elinaza,

Shikamoo. Barua imefika baada ya siku kumi na moja. Sisi ni wazima. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kanisani. Faraja anakusalimu, na anamwomba shangazi amsamehe, korosho zilikuwa wazo lake. Mpe baba pole. Nimesoma habari za macho yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia.

Kuhusu kuburuta, dada, hapana.

Nisikilize. Mimi kazini naburuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nimeburuta tovuti ya hoteli, ya shule na ya watu wa majeneza. Ukibadilisha picha ya juu, ile ya hoteli inakuwa ya majeneza. Baba hakupeleka filamu zake kwenye mashine za watu hata siku moja. Alizisafisha mwenyewe, akachanganya dawa mwenyewe, na picha isiyompendeza aliichana mbele ya mteja na kumpiga upya. Picha hizo nikaziweke kwenye fremu iliyopangwa na mtu asiyemjua?

Kuna pia mambo ya kawaida. Kurasa za kuburuta ni nzito, na Mbaga nyumbani mtandao unaupata ukipanda kwenye jiwe. Tena zinakaa nyumbani kwa mwenye programu. Siku akifunga au akibadilisha masharti, picha zimebaki ndani na ufunguo anao yeye. Ukurasa ninaouandika kwa mkono, mstari kwa mstari, ni maandishi tu. Utauweka kwenye flashi na kuupeleka popote.

Nipe miezi mitatu. Na nijibu hili bila kuzunguka: daktari alisema jicho lina muda gani?

Mdogo wako,
Loth


Same, 23 Aprili 2023

Mdogo wangu Loth,

Tumefurahi kusikia mko wazima. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na barabara ya mlimani imekatika mara mbili. Maharage yameota. Baba alisali Pasaka amekaa benchi la mbele, na shangazi alipika makande ya watu thelathini wakati wageni walikuwa tisa.

Umeuliza kuhusu jicho. Matone anaweka, hakosi. Kuku wakiingia kwenye mahindi anawaona na kuwafokea. Muda upo.

Sasa nikueleze kosa langu. Sikungoja jibu lako. Zaituni alinifungulia kurasa tatu kwa programu yake, nikazipandisha mlimani Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Nilimkalisha baba kibarazani na simu yangu. Kikaanza kile kiduara kuzunguka.

Shangazi akauliza, "Kinazunguka nini?"

"Kinatafuta picha, shangazi."

"Kinazitafuta wapi, na picha ziko uvunguni kwenye boksi?"

Baba hakucheka. Alikuwa amelikaza jicho kwenye kile kiduara dakika nne nzima, nimehesabu, kwa kuogopa kwamba picha itakuja yeye akiwa amepepesa. Machozi yalimtoka. Nikaizima simu, nikasema chaji imekwisha.

Kwa hiyo umeshinda. Lakini nina swali ambalo hukuligusa. Nilikosea jina la mtu kwenye kurasa za Zaituni, nikabofya, nikalisahihisha mwenyewe. Kwenye kurasa zako, ukiugua au ukichoka, nani atasahihisha? Mimi nilisoma kidato cha nne, sikusoma lugha hiyo. Kila kitu tumekuachia wewe peke yako. Liangalie hilo.

Andika kwa mkono. Ila andika. Picha zote 312 zimo kwenye flashi iliyofungwa na barua hii, na orodha ya majina nimeichapa.

Elinaza


Mtwara, 18 Juni 2023

Dada,

Shikamoo. Flashi ilifika salama. Huku joto limepungua na bahari ina upepo. Faraja amehamishiwa kufundisha shule ya karibu, kwa hiyo sasa anarudi nyumbani mchana. Mtoto anauliza kama babu anaweza kumpiga picha akiwa hana jino.

Tovuti imezaliwa. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimeweka picha kumi za kwanza. Ukurasa ni mwepesi, nadhani utafunguka hata bila kupanda kwenye jiwe. Kila picha inakuja peke yake, imejaa kioo chote, na chini yake jina na mwaka kwa herufi kubwa. Hakuna kingine. Nimeandika usiku na alfajiri baada ya kazi, na ni kitu cha kwanza kwa miaka mingi ambacho sikukiona aibu.

Kuhusu swali lako: nitakufundisha. Jina limeandikwa mle kama lilivyo, kwa Kiswahili. Utalitafuta na kulibadilisha. Mengine usiyaguse.

Zilizobaki nitazimaliza mwisho wa Julai.

Loth


Same, 9 Julai 2023

Mdogo wangu Loth,

Baridi ya mlimani imeanza na shangazi anavaa sweta mbili. Goti limepata nafuu kwa hiyo maneno yameongezeka. Mwambie mtoto kwamba babu amesema aje haraka, jino likiota picha haitakuwa na maana.

Ilifunguka. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Tulikuwa palepale kibarazani, nikagusa anwani, na kabla sijamaliza kusema "subiri" bibi harusi wa Vudee alikuwa ameshatokea. Baba aliishika simu pembeni ya uso wake, kama mtu anayesikiliza redio, akaanza kuisogeza polepole mpaka akampata. Alikaa naye muda. Kisha akapitisha kidole, akaja Mchungaji Wilbard, mwaka 1978. Baba akakunja uso.

"Nani kamgeuza Mchungaji?"

"Kamgeuza vipi, baba?"

"Vifungo vya shati viko upande wa kike. Na Biblia kashika mkono wa kushoto. Mchungaji hakuwa mashoto. Umeilaza filamu kifudifudi, Elinaza."

Na ni kweli. Nimekagua zote, zilizogeuka ni 41. Nimeziskani upya, ziko kwenye flashi hii ya pili. Baba alicheka mpaka shangazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Nimefanya kazi miaka thelathini na tatu," akasema, "sikumpa mtu mkono usio wake. Binti yangu kaanza leo, kawapa watu arobaini."

Tangu mama afariki sikumsikia akicheka hivyo.

Ameniambia nisikuharakishe. Sikuharakishi. Nasema tu kwamba zimefunguka kumi, zimebaki mia tatu na mbili.

Elinaza


Mtwara, 3 Septemba 2023

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Nilipata simu zako. Sisi hatujambo, msimu wa korosho unakaribia na mji umeanza kujaa wageni.

Tovuti inakaribia. Kuna mambo madogo ya mpangilio ambayo bado hayajakaa ninavyotaka. Sipendi baba aone kitu nusunusu. Nilizungumza naye wiki iliyopita, akaniambia, "Fanya taratibu, mwanangu, picha haisukumwi." Na wewe uliandika muda upo. Kwa hiyo nivumilie hadi katikati ya Oktoba.

Loth


Same, 15 Oktoba 2023

Loth,

Leo sina habari za mvua.

Jumatatu, tarehe 9, baba aliamka akamuuliza shangazi kwa nini hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limeshafika kitandani. Shangazi alikwenda akalifunga, kisha akalifungua tena kwa kelele ili asikie. Baba akasema, "Basi. Nimeelewa."

Nilimpeleka Moshi Jumatano. Daktari alikuwa yuleyule wa Machi. Alimulika, akazima taa, akamshika baba bega.

Sasa nakuambia nililokuficha. Machi daktari alisema miezi sita, labda minane kama dawa itashika. Baba alinishika mkono palepale kwenye kiti akasema, "Loth asiambiwe. Aliye mbali haambiwi, anaumia bila kazi." Nikaapa. Unajua kwetu ilivyo. Nakunakilia shajara yangu ili usidhani natunga.

23 Aprili. Nimemwandikia Loth kwamba muda upo. Si kweli. Barua nimeifunga haraka nisije nikaisoma tena.

9 Julai. Baba ameishika simu pembeni ya uso. Mwezi Machi alikuwa anaishika mbele. Nimemwandikia Loth kuhusu kicheko.

20 Agosti. Hasomi tena namba kwenye kalenda. Amenikumbusha kiapo.

2 Oktoba. Nimeandika barua ya kumwambia Loth ukweli. Nimeichana.

Kati ya picha 312 baba ameona kumi, na moja kati ya hizo ilikuwa imegeuzwa.

Ningemfuata Zaituni mwezi Machi, nikamshusha baba hadi Same kwenye mtandao mzuri, nikamkalisha mbele ya kioo kikubwa, angeziona zote kwa wiki moja. Zingekuwa kwenye fremu kama ya majeneza. Angeziona.

Elinaza


Mtwara, 5 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea posta nikiwa nimesimama, na niliposimama walinisogeza mara mbili kupisha foleni.

Kwanza nilikasirika. Mwaka 2011 mliniambia mama ana homa kidogo, nipande basi. Niliposhuka stendi ya Same nilimkuta Shangazi amejifunga kanga kiunoni, na nyumbani niliyakuta maturubai. Niliapa mtu asinifanyie hivyo tena. Na mmenifanyia. Ungeniambia miezi sita, dada, mimi mwenyewe ningeburuta.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika, na barua ningeifungia hapo. Lakini umenitolea shajara yako, na mimi sina haki ya kubaki nimejificha.

Tovuti ilikamilika tarehe 30 Julai. Zote 312, pamoja na zile 41 ulizozirudia. Zilikuwa kwenye kompyuta yangu, tayari. Kuzipandisha zikaonekana ni kazi ya dakika arobaini. Sikuzipandisha. Agosti yote na Septemba yote nilikuwa nasogeza picha nukta mbili kushoto na nukta tatu kulia. Nilibadilisha unene wa herufi za majina mara kumi na nne. Kuna jioni nzima niliyotumia kwenye nafasi kati ya jina na mwaka. Faraja aliniuliza, "Baba yako anaona nukta mbili?" Nikamwambia anaona. Dada, nilikuwa nikijibu kuhusu baba wa mwaka 1996.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa shuleni, kwa hiyo hukuambiwa. Nilifungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha, mwanga ukaingia, na harusi nzima ya watu wa Kihurio ikaungua. Baba alipanda baiskeli akaenda kuwaomba radhi. Hakunipiga. Hakunisema. Ila tangu siku hiyo hakuniita tena ndani. Nilikuwa nasikia maji yakimwagika nyuma ya mlango, na yeye akiongea na mama, na mimi nakaa nje nikipokea wateja.

Nilitaka tovuti hii asiikute na kasoro. Programu ya Zaituni hairuhusu kusogeza nukta mbili, kwa hiyo kazi ingekwisha. Mkono wangu uliniruhusu, nao haukujua kuacha.

Nimezipandisha jana. Nilipima kwa saa: dakika thelathini na nane.

Usimwambie baba kuhusu Julai. Au mwambie. Sijui tena kipi nikuombe.

Loth


Same, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu Loth,

Tupo. Vuli imekuwa nzuri na tangawizi ya jirani imefurika mpaka njiani. Shangazi Agatha amejifunza kumwekea baba kijiko mkononi bila kumwambia, ili ionekane amekiokota mwenyewe. Salimia Faraja na mtoto.

Nimewaza kama nikuambie sikulaumu. Niliiandika sentensi hiyo kwenye shajara nikaisoma siku tatu mfululizo nione kama ni kweli. Nusu ni kweli. Nusu nyingine inanihusu mimi.

Kuhusu Julai, nilimwambia. Nimechoka na kuficha. Alikuwa anaota jua. Akauliza, "Alikuwa anarekebisha nini?"

"Nafasi kati ya picha na jina."

"Na mwishowe ilikaa vizuri?"

Nikasema imekaa vizuri. Akatikisa kichwa. Kuhusu harusi ya Kihurio sikumuuliza, hilo ni lako na lake. Ukitaka kuliuliza, njoo.

Sasa kila Jumamosi napanda na kumsomea. Nafungua ukurasa, nasema namba, nasema ninachokiona, kisha nasoma jina. Yeye anaongeza: huyu alikuja na viatu vya kuazima, huyu alikataa kutabasamu kwa sababu ya deni, huyu alikuwa mjamzito hajamwambia mtu. Nayaandika yote. Watu walioiona tovuti wameanza kuandika pia. Wiki iliyopita mtu wa kule bwawani Nyumba ya Mungu alimtambua baba yake na kumtumia salamu baba yetu. Jumamosi hii tulifika picha ya 187. Nikasema, "Mwanamke amesimama kwenye mlango wa studio, amevaa kitenge, ameshika mkoba kwa mikono miwili."

Kabla sijasoma jina akataja la mama, "Blandina."

Umekwisha kuipitia tovuti yote, kwa hiyo unajua kama ninavyojua mimi. Mama hayumo. Katika picha zote 312 hayumo hata moja, maana ndiye aliyekuwa akishika taa pembeni. Wa 187 ni Bi. Fortunata wa Kihurio, mwaka 1984, na yuko hai.

"Siku ile alikataa kupigwa," baba akasema. "Nikamwambia simama tu hapo mlangoni nipime mwanga, filamu imekwisha. Haikuwa imekwisha." Akanyoosha mkono kuelekea simu, sipo nilipoishika, kidogo upande wa kushoto. "Ameshika mkoba, siyo?"

"Ameshika mkoba, baba."

"Ni yeye?"

Nikasema, "Ndiye."

Nakuandikia mapema ili usije ukalisikia mwakani. Ulinifundisha jinsi ya kubadilisha jina, na jana nililitafuta mle ndani nikalipata. Sikuligusa. Nawe usiliguse. Watoto wa Bi. Fortunata siku moja watamtafuta mama yao pale, na wamkute kwa jina lake. Mimi ndiye ninayemsomea baba, na kila nikifika 187 nitasoma Blandina.

Dada yako,
Elinaza